Semina ya Kutu Kianjai

Aibu hii bado inanichoma masikio, na kama kuna mtu wa Kianjai hapa kati yenu naomba anyamaze, wacha niisimulie mwenyewe.

Kazi yangu ni kuandika programu za kompyuta, na kuna lugha moja ya kuziandikia inaitwa Rust, hiyo niliipenda hadi nikawa nafungua simu asubuhi kabla ya kunawa uso nione kama ina habari mpya. Nilipoenda nyumbani Kianjai likizo nikaona, mbona nisiwafundishe vijana wa kwetu? Shangazi Nkatha, ambaye husoma matangazo kanisani, akakubali kunitangazia, lakini akaniambia, "Kawira, mimi sisomi neno nisilolijua. Niwekee kwa Kiswahili." Basi kwa ujuaji wangu nikatafsiri mpaka jina. Rust si ni kutu? Nikaandika: Semina ya Kutu, habari mpya na mahali pa kujifunza bure, Jumamosi, ukumbi wa kanisa.

(Kutu pia ni ule ugonjwa wa maharagwe, unaoacha vidoa vya unga wa kahawia kwenye majani. Mimi nimelelewa na maharagwe hayo hayo, na haikunijia kichwani hata kidogo.)

Jumamosi nikakuta ukumbi umejaa hadi mlangoni, wazee, akina mama, wengine wameshika matawi ya maharagwe (nikadhani ni ya mbuzi, msinicheke), nikajiambia kumbe watu wetu wana kiu ya teknolojia hivi! Nikawasha projekta.

"Habari njema," nikasema, "Kutu mpya imetoka!"

Ukumbi mzima ukaguna.

"Na kila wiki sita inatoka nyingine!"

"Murungu wangu!" Mama Kinya, jirani yetu, akamlilia Mungu pale mbele. "Na maharagwe yanakaa shambani miezi mitatu!"

Afadhali ningeishia hapo. Lakini nilikuwa nimepata moto, nikaonyesha picha ya kaa mwekundu, yule wa baharini, ambaye wapenzi wa lugha hiyo wamemfanya alama yao. Mzee M'Ikiara akainuka na fimbo yake.

"Huyo ndiye mdudu anayeileta?"

"Ndiye, mzee, na sisi tunampenda sana."

"Mnampenda?"

Shangazi akaja mbio akaninong'oneza, "Kawira, hawa wamekuja kwa sababu ya maharagwe yao," na maikrofoni ilikuwa wazi, kwa hivyo kila mtu alisikia.

Kicheko kilikuja, lakini Mama Kinya hakucheka. Aliinua tawi lake, limekauka nusu. "Nimefunga kibanda siku ya soko. Shamba lote liko hivi. Niambie nifanye nini."

Hapo ndipo nilipoona aibu ya kweli. Nikaomba msamaha, nikampigia simu rafiki yangu wa shule ambaye sasa ni afisa wa kilimo, nikaibandika simu kwenye maikrofoni nikaishika hivyo mpaka mkono ukafa ganzi. Akawaambia wasipite shambani majani yakiwa na umande, wakishavuna wang'oe mabaki yote, msimu ujao wapande kitu kingine hapo, na kuhusu dawa akaahidi kuja Jumatatu kuona mwenyewe. Alikuja kweli, na sehemu ya shamba la Mama Kinya ikaokoka.

Nikiwa nakunja nyaya, Mzee M'Ikiara akabaki. "Na ile ya kaa, ni kitu gani hasa?"

Nikamwambia ni lugha ya kuipa kompyuta kazi, na ni kali: kila kitu lazima kiwe na mwenyewe mmoja, ukiazima inajua umeazima, na ukikosea inakukataza kabla hujaharibu, halafu inakueleza ulipokosea.

"Inaeleza? Haichapi?"

"Haichapi, mzee. Kitabu chake kiko bure mtandaoni, na kuna mazoezi madogo, unapewa programu mbovu uitengeneze."

Akarudi kuketi. "Fungua tuone."

Tulifungua, yeye, mimi na Shangazi, mpaka mlinzi akataka kufunga. Kijijini wakanibatiza Mwalimu wa Kutu, na jina hilo sijalivua hadi leo. Lakini nimeapa, nikisimama mbele ya watu sisemi la kwangu kabla sijauliza, "Jamani, mmekuja kwa nini?" Na nikishauliza, nanyamaza.