Visigino vya Januari

Kila Januari ukavu wa mtaa wetu wa Karagita ulitupasua visigino, mimi na rafiki niliyepanga naye chumba. Sote tulifanya kazi kwenye shamba la maua. Jumapili tuliloweka miguu katika beseni la maji ya uvuguvugu, tukasuguana kwa jiwe, tukapakana mafuta na kuvaa soksi.

"Pole pole, ngozi si sufuria," alizoea kuniambia.

Kisha akaenda Uarabuni kufanya kazi za nyumbani.

Juzi alipiga simu, akauliza kuhusu visigino vyangu. Nikakiri kwamba vinatoka damu, kwani niliacha kuviloweka alipoondoka.

"Pasha maji sasa hivi. Nangoja."

Nikatumbukiza miguu, simu ikiwa sikioni. Nilimsikia akipumua, nikaitamani mikono yake.