Kucha za Chui Milia

Kaka yangu Hezekiah ana vidole saba, na akiulizwa husema ni lori. Mwongo! Mimi Truphena, ninayempikia hapa mgahawani kwangu, mtaa wa Ghulail huku Uarabuni, nitausema ukweli.

Alikuwa mlinzi wa shamba la starehe nje ya Riyadh. Bosi wake alifuga chui milia mchanga ili wageni wapige naye picha. Mtunza bustani, Mnepali aitwaye Prem, hakupenda hata kumtazama kizimbani.

"Kwetu walikuwa karibu kwisha," alimwambia Hezekiah. "Sasa porini wameongezeka karibu mara tatu. Mama yangu hulaza mbuzi ndani, na bado anajivunia."

Mchana mmoja chui akamchana mgeni bega. Bosi akaleta koleo. "Yalla, ng'oa kucha zote. Ukishindwa, nampiga risasi."

Hezekiah alimpenda yule mnyama. Yeye ndiye aliyemlisha nyama ya kuku kila siku. Akaona heri chui apoteze kucha kuliko roho. Isitoshe, kwetu Vihiga alisifika kwa kuangusha mafahali, na kiburi hicho hakijamtoka. Akamfunga miguu kwa fundo letu la ng'ombe. Mjinga mkubwa! Fundo lile huzuiwa na kwato lisichomoke, na chui hana kwato.

Ukucha wa kwanza ulitoka na nyama. Chui akanguruma, akachomoa mguu kwenye kamba, akamrukia na kumng'ata mkono wa kushoto. Vidole vitatu vikaenda. Kaka akatoka akitambaa, akasukuma komeo.

Bosi akaja na bunduki. Kaka akauegemea mlango wa kizimba, damu ikimchuruzika. "Bosi, halas, basi! Kosa ni langu. Mafi bunduki, usimpige!"

Akapigwa kitako cha bunduki mdomoni, meno mawili yakadondoka. Akapigwa mbavuni, akaanguka, akainuka tena akaziba mlango. Prem alikuwa ameshawapigia simu maofisa wa wanyamapori. Walimkuta kaka amezimia hapo hapo mlangoni, wakamchukua chui akiwa hai.

Mwezi uliopita Prem, ambaye amesharudi kwao, alituma picha ya mti ulio nyuma ya nyumba ya mama yake. Juu, gome limechanwa na chui jike wa porini. Chini kuna mikwaruzo midogo ya watoto wake. Kaka akaacha ugali upoe. Akaikuza picha kwa vile vidole viwili vya kushoto, akahesabu mikwaruzo mmoja mmoja.

"Kucha zote zipo, dada," akasema, akalia kwa sauti mbele ya wateja wangu.