Robe sita zako, sita zangu

Juma lililopita nilikwenda mtaa wa Bel-Air kuchukua koti kwa mama mmoja mshonaji. Mama huyu aliacha atelier, karakana kubwa ya ushonaji ya mjini, kwa kuchoka kuambiwa namna ya kukata nguo, na sasa anajitumikia mwenyewe. Nilimkuta ameduwaa mbele ya vitambaa vya robe, yaani magauni, kumi na mbili za wasindikizaji wa bibi-harusi. Familia ilichelewa kuvileta, na zilibaki siku tatu kabla ya harusi.

Akabeba nusu ya vitambaa, makasi mkononi, akavuka barabara hadi kwa mshonaji mwenzake. Nikamfuata.

"Yaya, dada yangu mukubwa, unisaidie. Miye nitakata, weye utashona."

Yule mwingine hakuinua macho kwenye mashine yake. "Sasa niko mutumishi yako?"

"Hapana. Hizi sita ni zako, zingine sita zangu; kwa ndani ushone namna yako. Kwa inje tu zifanane, sababu bibi-harusi ni mumoja."

Yaya akafuta mikono kwenye kitenge, akapokea vitambaa. Alipotaka kugusa makasi pia, mama akayaficha nyuma ya mgongo. "Makasi hapana, kukata ni kwangu." Wakacheka.

Niliporudi Ijumaa mchana, robe zote zilikuwa zimetundikwa ukutani. Mimi sikuweza kuzitofautisha. Wao walinionyesha moja moja, kila mmoja za kwake, bila kukosea.

Nami niliacha ofisi ili nisiwe na bosi, na kwa miaka nilijisifu kwamba simwombi mtu kitu. Hilo nilikuwa nikiliita uhuru. Kumbe nilikuwa naogopa tu kuvuka barabara.