Nilikataa Kuchoma Chokaa ya Zahanati

Mimi ndiye niliyekikosesha kijiji chetu cha Mbwajumali zahanati. Watu husema serikali ilitusahau, nami huitikia kwa kichwa. Si kweli, ni mimi!

Ndugu yangu, shaka nilizaliwa nayo. Muuza samaki akinichekea, mimi hufunua mashavu ya samaki mara mbili. Kazi yangu ni kuchoma chokaa, na kijijini hapajengwi ukuta wa mawe bila tanuu langu.

Uhuru ulikuwa bado mbichi. Afisa mmoja kijana, mtu wa bara, alitoka Faza akatukusanya nje ya msikiti. Akasema bajeti ya mwaka huo imetutengea zahanati, ila kwa harambee: sisi tusimamishe kuta, serikali ilete mabati, dawa na dresa wa kutibu vidonda.

"Kuta ziwe tayari kabla ya Juni kuisha," akasema. "Mwaka wa serikali ukifungwa, fungu lisilotumika hurudi Hazina."

Hurudi! Pesa gani hiyo yenye miguu? Nikaona mtego: sisi tutoke jasho, yeye ale, kisha atuambie imerudi Nairobi.

Baadaye nilikwenda Faza, nikaona mabati mapya yamepangwa ubavuni mwa nyumba ya afisa. Sikubisha hodi wala sikumuuliza mtu. Nilirudi mbio nikawaambia wazee, "Yule bwana yuwala zahanati yetu! Siwashi tanuu mpaka mabati yafike hapa." Wakaniamini, maana nao walikuwa na shaka zao.

Mke wangu tu ndiye aliyenipinga, naye alikuwa mjamzito. "Washa tanuu, bwana. Hata akiiba, kuta si zitasalia zetu?"

"Wewe huwayui watu wa serikali ya nti hii," nikamjibu. Nilijiona mjanja, Mungu anisamehe!

Mawe yakakaa pwani, na kuni za mikoko zikalowa mvua. Juni ilipokaribia kwisha, afisa alikuja mwenyewe. Kumbe mabati yalikuwa yetu, aliyaweka kwake yasiibwe. Ili fungu lisirudi Hazina, yalikuwa yamepelekwa Ndau, ambako kuta zilikuwa zimekwisha.

"Mzee, ningeezeka nini hapa?" akaniuliza.

Hata hapo nilimtazama usoni nikitafuta uongo! Nikapanda mashua hadi Ndau kuhakikisha. Niliyakuta juu ya paa, na dresa yuko mlangoni anamfunga mtoto wa watu kidonda. Nikaona haya kumwamkia.

Uchungu ulimshika mke wangu mvua zikiwa bado zinanyesha. Mkunga alifanya aliloweza, kisha akasema tumkimbize zahanati ya Faza. Tulimbeba juu ya kitanda, matope hadi magotini. Alijifungua njiani mtoto wa kike. Mtoto alilia kidogo, akanyamaza. Faza tulimfikisha mama peke yake.

Ewe ndugu, najuta! Mke wangu hajanilaumu hata siku moja. Wanawake wenzake wakiisema serikali, yeye hunyanyuka akaenda jikoni.

Sikwambii umwamini kila mwenye kofia ya serikali. Wezi wapo, na mimi bado nawachunguza. Lakini fungu la serikali halimngoji mwenye shaka, huenda kwa aliye tayari. Shuku, uliza, mbishie afisa mpaka akuchukie, ila fanya hayo ukuta wako ukiwa umekwisha. Na ukiona mabati kwenye nyumba ya mtu, bisha hodi! Mimi sikubisha, nikamzika binti yangu kabla hatujampa jina.