Mtoto Huyu Ameshasajiliwa

Simpendi yule bwana, wala sijifanyi kumpenda. Wenzangu wananiambia yameshapita, nimsamehe. Nawajibu wamsamehe wao, hakuna aliyewashika mikono.

Kazi yangu ni kujaribu programu za kompyuta kabla hazijafika kwa watu. Wengine wanazitengeneza, mimi natafuta mahali zinapoharibikia, kisha nakwenda kuwaambia. Kwa kazi hiyo usitegemee kupendwa. Ofisi yetu ilikuwa nyumba ya kupanga mtaa wa Chemchem, na sebuleni kulikuwa na ubao wa vikaratasi vya rangi: vya kufanya, vinavyofanywa, vilivyokamilika. Kila wiki mbili ilikuwa lazima vikaratasi vihamie upande wa mwisho. Kila asubuhi tulikutana mbele ya ubao huo kwa robo saa, tumesimama, eti mtu akisimama haongei sana. Mimi hata nikisimama naongea.

Kiongozi wa timu aliletwa kutoka Dar. Nilimzidi miaka sita, na bado kila asubuhi alinisalimia "Oya, niaje." Jumapili yake ya kwanza alipelekwa Kwihara kuona tembe, ile nyumba ya kale ya udongo, akapiga picha mlangoni, akarudi kutufundisha habari za njia ya misafara, sisi tuliozaliwa juu yake. Alivaa viatu vyeupe katika vumbi letu. Alitaka kasi, kila neno lake kasi. Mimi aliniita Mama Breki, na vijana wakacheka.

Tulikuwa tunatengeneza programu ya chanjo za watoto kwa ajili ya zahanati za vijijini. Unaandika jina la mtoto, simu ya mama na tarehe ya kuzaliwa. Siku ya chanjo ikikaribia, mama anapata ujumbe kwenye simu. Ilikuwa kazi nzuri, hilo silipingi. Ili mtoto mmoja asiandikwe mara mbili, waliweka ulinzi: simu ya mama ikiwa ileile na tarehe ya kuzaliwa ikiwa ileile, wa pili hapokelewi.

Sasa, mimi ni doto. Kwetu mapacha hawahangaikiwi majina. Anayetangulia kuzaliwa ni kulwa, anayefuata ni doto, awe wa kike au wa kiume. Kwa hiyo siku ya kwanza ya kujaribu sikutafuta mfano mbali. Nikamwandika dada yangu, akaingia. Nikajiandika mimi, simu ya mama ileile, tarehe ileile. Skrini ikajibu kwa herufi nyekundu: Mtoto huyu ameshasajiliwa.

Nilicheka peke yangu. Halafu kicheko kikakatika, maana wiki ileile tulikuwa tunahamisha kwa mkupuo majina yote kutoka kwenye madaftari ya zahanati, na katika kuhamisha huko hakuna herufi nyekundu za kumwonya mtu. Kila doto angetupwa kimya kimya, na hakuna mama ambaye angepata ujumbe wa kumleta.

Asubuhi nikaliandika kwenye kikaratasi, nikakibandika, nikalisema mbele ya ubao.

"Mapacha wako wangapi jamani?" kiongozi akauliza. "Tukisimama kwa kila kitu hatufiki."

"Huku kwetu kila ukoo una kulwa na doto wake," nikamwambia. "Mmoja unaye hapa mbele yako."

"Dada yangu, ulinzi unafanya kazi kama tulivyoupanga. Hiyo si kasoro."

Akabandua kikaratasi changu na kuandika juu yake kwa kalamu yake mwenyewe: Mapacha ni wachache. Haitarekebishwa. Kisha akakibandika upande wa vilivyokamilika. Vilivyokamilika! Ningekuwa na meno ya kutosha ningemng'ata. Wenzangu wanne waliinamia simu zao. Nilimwandikia yeye mara mbili, nikamwandikia na bosi wake. Aliyenijibu ni yeye tena, akinitaka nijifunze kwenda pamoja na wenzangu. Nikakibandua kile kikaratasi, nikakitia mkobani.

Mwezi uliofuata tulikwenda kwenye zahanati moja, upande wa Igalula, kuangalia programu inavyotumika. Muuguzi alikuwa mama mtu mzima. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba. Kiongozi akampa "Habari za kazi," naye akamtazama viatu.

Akina mama walikuwa wamejipanga kwenye benchi. Mmoja akafika mezani na mtoto mgongoni.

"Karibu, mama kulwa," muuguzi akasema. "Doto yuko wapi?"

"Nimemwacha kwa bibi yake."

"Anaumwa?"

"Haumwi." Akafungua ncha ya khanga, akatoa simu. "Ujumbe wenu umemwita kulwa peke yake. Njia ndefu, wawili ni wazito. Nikasema basi, zamu ya doto bado."

Nilisikia hasira mpaka masikioni. Kiongozi akaninong'oneza, "Kwa nini hukulisisitiza hili?"

Nilitoa kikaratasi mkobani, nikakisoma kwa sauti, neno kwa neno, halafu nikamwonyesha yule mama kwa kidole ni nani aliyekiandika. Haikuwa adabu, najua, na sijaijutia.

"Wachache?" mama akauliza. "Mimi ninao wawili."

Muuguzi akauliza kama gari letu lina mafuta. Likaondoka na mama kwenda kumchukua doto, na kiongozi akabaki kwenye benchi katikati ya wanawake ambao hawakumsemesha. Mimi nilikuwa wa kwanza kutomsemesha.

Gari liliporudi, muuguzi alimwita kiongozi kwenye kompyuta. "Njoo umwandike mwenyewe."

Akakaa, akaandika jina la doto, simu ya mama, tarehe. Herufi nyekundu zikatokea: Mtoto huyu ameshasajiliwa. Doto alikuwa mapajani mwa mama yake, umbali wa mkono mmoja kutoka kwenye skrini, akilia kwa nguvu zake zote.

"Mweleze mama yake," muuguzi akasema.

Kiongozi akabonyeza tena, herufi nyekundu zikarudi zilezile. Muuguzi akavuta droo, akatoa daftari lake la zamani lililochanika jalada, akatafuta ukurasa kwa kidole. Doto alikuwa pale, chini ya kulwa. Akaweka alama ya vema mbele ya jina lake, akachukua sindano.