Sentensi Isiyo na Mwenyewe

Kuna siku moja ninayoikumbuka kuliko nyingine zote, mwanangu, nayo ilinirudia jana nilipokusikia ukibishana na wenzako kuhusu mpira, simu mkononi, ukisema, "Imeandikwa hapa, basi." Sikukukatiza. Niliona vibaya kukuaibisha mbele za watu.

Kaka yangu Sumaili alikuwa kipa wa timu yetu hapa Kasongo. Hakuwa kipa wa ajabu, nisikudanganye. Mipira ya juu ilimsumbua. Lakini alipenda mpira kuliko chakula. Baadaye alikwenda kuchimba dhahabu Salamabila, shimo likamwangukia, wakatuletea mwili wake kwa pikipiki, kwenye barabara ile unayoijua.

Desturi yetu unaijua. Kilio hakifungwi mpaka aseme kila mwenye neno juu ya marehemu. Kama alikukosea, unasimama uani, unasema, ndugu wanajibu, na neno hilo linakwisha hapo. Hakuna ruhusa ya kulifufua. Siku chache kabla ya kufunga, mtoto wa shangazi alikuja na simu ya kupangusa, simu ambazo wakati huo zilikuwa za kuhesabu mji mzima. Alikuwa ameona makala ya timu yetu katika kamusi elezo ile ya mtandaoni ambayo yeyote anaweza kuiandika. Tulifurahi mno. Makala ilipendeza macho: vichwa vya habari, jedwali la wafungaji, picha ya kiwanja, Kifaransa kilichonyooka. Mama akaniambia nimgeuzie kwa Kiswahili.

Nilisoma vizuri mpaka nikafika kwenye fainali tuliyofungwa na timu ya Kabambare. Hapo paliandikwa kwamba kipa, Sumaili, aliuza mechi. Nilitaka kuiruka sentensi hiyo, lakini mama aliuona uso wangu. "Soma yote," akasema. Nikasoma. Wanawake waliokuwa wakitwanga sombe, majani ya muhogo, wakaacha kutwanga.

Mama hakulia. Aliuliza tu: "Nani alisema ile neno?"

"Sijui, mama. Hawaandikaka jina."

"Alikuwa ku kiwanja?"

"Sijui."

"Basi nani alimwambia?"

Nikatazama tena. Sentensi nyingine zilikuwa na kinamba kidogo mwishoni; ukikibonyeza, kinakupeleka kwenye gazeti au redio iliyotoa habari hiyo. Ile ya kaka yangu haikuwa na kitu. Mtu aliitupa pale akaenda zake. Hata mwaka wa kuanzishwa timu ulikuwa umekosewa, na mimi niliupita bila kuuona, nimeduwaa na jedwali.

"Kilio haitafungwa," mama akasema. "Ule mutu aje hapa, aseme mbele yetu."

Atakuja vipi, mwanangu, mtu asiye na uso? Hasira zikanipanda. Nikashika simu nifute ile sentensi, niandike kwamba Sumaili alikuwa kipa bora wa Maniema nzima. Mama akaniuliza ninaandika nini, nikamwambia. Akafunika simu kwa kiganja chake.

"Hapana. Mutoto yangu alikosa mupira, ile ni kweli. Alikuwa na homa. Nilimupikia uji asubuhi ile, akaniomba nisiseme, sababu timu haikuwa na kipa mwingine. Ukimupamba na uongo, wewe na ule mutu muko sawa."

Makala zile zina ukurasa wa majadiliano, ambapo waandishi huulizana. Nikaandika pale, nikauliza chanzo cha maneno hayo, nikaeleza na habari ya homa. Kesho yake mtu akajibu kwa adabu: sentensi haina chanzo, ameifuta. Habari ya homa nayo haiwezi kuingia, kwa kuwa haikutangazwa popote. Alifanya sawa, simlaumu. Nilikimbia kumwambia mama, nimejaa furaha.

"Jina yake iko pale bado?"

"Hapana, mama. Walitoa yote."

"Basi sasa hakuuzisha mechi. Lakini hata kucheza, hakucheza."

Hapo ndipo alipolia.

Siku ya kufunga kilio alifika mtu kutoka Lusangi, vumbi mpaka kwenye nyusi. Ndiye mshambuliaji wa Kabambare aliyetufunga katika fainali ile. Akasimama uani, kofia mkononi.

"Mbele ya mechi nilimupa mukono," akasema. "Mukono yake ilikuwa moto, anatetemeka. Nilijua pa kupiga. Hakuuzisha kitu. Mimi nilifunga mutu mugonjwa."

Mama akamshukuru, kilio kikafungwa. Na hakuna hata mmoja wetu aliyechukua sauti ya mtu yule, wala aliyempeleka kwenye redio ya mji. Simu ilikuwapo palepale. Tulidhani yamekwisha.

Mama amekufa. Yule mshambuliaji naye amekufa. Makala ipo mpaka leo, mwaka umerekebishwa, picha zimeongezwa, kila sentensi ina kinamba chake. Wanaojua mambo hayo watakuambia ni makala nzuri, nami nakubali. Ila golini, katika fainali ile, hakuna mtu. Hilo linaniuma mpaka leo.

Basi mwanangu, ukisoma habari za timu, usilewe na jedwali wala Kifaransa. Tafuta nani amesema, na kama alikuwapo. Ukikuta uongo, usiweke mahali pake uongo unaoupenda wewe. Na ukishapima kilichoandikwa, jiulize nani hayupo. Halafu umtafute anayemjua, uchukue sauti yake, uipeleke redioni angali hai.

Mungu akulinde popote miguu itakapokupeleka. Akupe masikio kama ya mama yangu, na siku utakapolala, awepo mtu wa kusimama uani na kusema kweli yako. Mimi bado nipo. Siku ile ya fainali nilikuwa nyuma ya goli la kaka yangu, nimeshika sweta lake. Lete hiyo simu, ukae hapa.