Nilimnunulia Mume Wangu Mabuti ya Mpira, Leo Naitwa Mchoyo

Msomaji huyu ametuomba tusitaje jina lake.

Shikamooni wakubwa, na wenzangu hamjambo. Mimi ni mama wa miaka thelathini na minne, mzaliwa wa Kihanga, nimeolewa huku Kyerwa. Mume wangu alikuwa akichimba madini ya bati, kutwa nzima miguu ndani ya maji na mawe makali.

Zamani wachimbaji walipewa mabuti ya mpira bure. Vita vya Wazungu vilipoanza, mpira ukawa unakwenda jeshini, na kila mzigo mpya wa mabuti ulipofika dukani bei ilikuwa imepanda. Wenye mgodi wakasema hawanunui tena, kila mtu ajinunulie. Wengi wakashuka mashimoni peku. Mimi nikauza mbuzi niliopewa na baba, nikamnunulia mume wangu mabuti.

Hakuwahi kushuka nayo shimoni. Jioni ileile alikuja kaka yake, ambaye ni nyapara palepale mgodini. Yake yalikuwa yamepasuka. Akasema nyapara hawezi kusimama peku mbele ya wazungu, bei ikishuka atamnunulia mdogo wake mengine. Mume wangu akampa. Hadi leo bei haijashuka.

Baadaye sururu ilimponyoka mchimbaji mwenzake, ikampasua mume wangu mguu usio na buti. Kidonda kikaoza, na hospitali ya misheni wakaukata.

Mama mkwe alikuja kutoka Kiruruma akilia, akauliza kwa nini mwanawe alichimba bila mabuti. Nilingoja mume wangu aseme. Akasema, "Mke wangu aliuza mbuzi, akajinunulia nguo." Shemeji aliyeyachukua mabuti alikuwa amekaa hapo hapo.

Tulipobaki wawili nilimuuliza mume wangu nimemkosea nini. Hakunificha.

"Kaka ndiye anayetulisha sasa. Nikimtaja atatuacha tufe. Wewe mzima, utavumilia."

Sasa kanisani wanawake wananiachia benchi peke yangu. Mama mkwe hali chakula nilichopika. Shemeji akileta chumvi na maharage, napiga magoti kumshukuru, naye anaitikia kama mtu aliyenisamehe.

Juzi tulikuwa tunamenya ndizi na binti yangu. Akaniuliza, "Mama, kwa nini ulimnyima baba?" Niliendelea kumenya.

Nikisema ukweli, watoto watalala njaa. Nikinyamaza, watakua wakinichukia. Nyinyi mnaosoma haya, mngekuwa mimi mngefanyaje? Niambieni, nami nitasikia.